Mashine ya Mvuke Iliyogawanywa kwa Spana

Baba mdogo Okech hapigi simu ili mzungumze, anapiga ili aseme. Masikio yake yaliliwa na mashine zamani, kwa hiyo anasema lake, anakata, na wewe unabaki na maneno yako mdomoni. Jumanne moja ya Agosti, nikiwa zamu, aliniambia hivi: "Mama, sikio la kushoto lilishakwisha. Daktari ameangalia hili la kulia, anasema halifiki Krismasi. Nataka kusikia mashine ya kaka yangu kabla halijafunga." Akakata.

Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Awuor. Mtu akikuita hivyo tangu ukiwa unatambaa, humkatalii jambo kwa urahisi. Tena alijua anampigia nani. Kwa miaka ishirini na mitatu nimekuwa mtunza boila katika kiwanda cha chai huko Kericho, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita, na watoto wote wa marehemu baba wangeweza kuambiwa habari za mvuke wakacheka, isipokuwa mimi.

Mashine yenyewe ni injini ya mvuke ya kukokotwa na ng'ombe: boila ndefu iliyolala juu ya magurudumu manne ya chuma, jiko nyuma, bomba la moshi mbele, na gurudumu zito ubavuni la kuzungusha mkanda. Ilitengenezwa Uingereza enzi za Malkia Victoria, yule aliyepewa ziwa letu lote bila kuosha hata miguu ndani yake. Ililetwa kwenye mgodi wa dhahabu wa Wazungu upande wa Migori, ikaponda mawe hadi mgodi ukafungwa. Baba akainunua, akaivuta kwa jozi nane za ng'ombe hadi kwetu Uriri, akaifunga kwenye kinu cha mahindi. Yeye akawa dereva, mdogo wake Okech akawa mchochea moto. Mimi nilijua kusoma mshale wa geji ya presha kabla sijajua kusoma a, e, i. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya moto yaliyochanganyika na kuni mbichi, nakuwa mtoto wa miaka saba nikingojea kiazi kilichochomwa juu ya sepetu.

Binti yangu amewahi kunionyesha kwenye simu picha za vijana wa ng'ambo wanaoshabikia mambo hayo. Wanavaa kofia zilizobandikwa meno ya gia na miwani mikubwa ya shaba, wanakunywa chai wakiuota mvuke. Nilimwambia wangefika Uriri wangezirai, kwa maana kwetu kuku walikuwa wakitagia ndani ya jiko la injini.

Tatizo ni kwamba mashine haikuwapo, au tuseme ilikuwapo kama mbuzi anavyokuwapo baada ya sherehe. Baba alipofariki, miaka kumi na mitano iliyopita, wazee walikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu siku za matanga zikiisha. Sharti kila mtoto aondoke na kitu kilichopita mikononi mwa marehemu, na nyumba ya mke mkubwa isiipunje nyumba ya mke mdogo. Mashamba yaligawanyika, ng'ombe wakagawanyika. Injini ikawashinda. Mzee mmoja akasimama akasema haki ni haki, leteni spana. Basi wakaifungua. Dada yangu Rispa akapewa gavana, kile kifaa chenye vitufe viwili vizito ambacho huzuia injini kukimbia kupita kiasi. Odhiambo, wa nyumba ndogo, akapewa filimbi ya mvuke. Ndugu yake Ouma akapewa geji. Mimi nilichelewa kuruhusiwa kazini, nikafika kesho yake, na asiyekuwapo na lake halipo: nilikuta kibati cha shaba chenye jina la kiwanda. Boila na magurudumu vilibaki pale pale, kwa kuwa havikubebeka.

Hakuna aliyeiba wala kudhulumiwa. Sijawahi kuona haki ikitendwa vizuri namna ile na kuharibu kitu namna ile.

Ijumaa alfajiri niliondoka Kericho na likizo ya siku tatu, begi la spana, nyundo ndogo ya kazini na kibati changu nimekifunga kwa leso. Mpango ulikuwa mwepesi kwenye karatasi: nikusanye vipande, nivirudishe, nipandishe mvuke kidogo, mzee asikie, nirudi. Fundi mwenye akili angeanza kwa kuikagua boila. Mimi nilianza na samaki. Sababu naijua, nayo ni kwamba niliogopa jibu la boila, nikaamua kulisogeza mbele kwa siku mbili.

Homa Bay, saa sita mchana. Rispa nilimkuta ufukweni, anapoanika omena. Ametandaza nyavu mpaka karibu na maji, na pembeni ameweka turubai la kufunikia mvua ikija. Kwenye ncha mbili za turubai, zikiwa zimesuguliwa na mchanga mpaka zinang'aa, zilikaa tufe mbili za gavana ya baba. Mkono wa chuma wa gavana hiyo alikuwa ameufanya kichokoo cha kufukuzia korongo.

"Unakuja bila kupiga simu kama mtu wa kanjo anayedai ushuru," akaniambia, akinikumbatia kwa mikono yenye magamba. "Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku akigeuza omena, kisha akatazama turubai lake.

"Sasa Awuor, hiyo upepo ya mchana ikikuja, mimi nitalalia hii turubai na tumbo yangu?"

"Mawe yapo."

"Mawe yanaibiwa. Hizi haziibiwi, watu wanaogopa ni kitu ya jadi." Akacheka. "Na unajua hapa tuko na gavana mwingine, yule wa kaunti, lakini huyu wangu hajawahi kuniongopea."

Wanawake wawili wa meza za jirani wakaangua kicheko. Rispa akaokota tufe moja, akaipima mkononi. Aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo si yake, kwamba kila jioni akiziosha humkumbuka baba akiziangalia zikizunguka, amejaza mikono mifukoni, kama mtu anayewatazama watoto wake wakicheza. Akazifuta kwa kanga, akanipa, na omena kilo mbili juu yake za kumpelekea mzee. Mwenyewe hangeweza kuja, maana mzigo ulikuwa nusu mkavu na mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya mlima Homa.

Lambwe, Jumamosi saa nne asubuhi. Boda boda ilinishusha kwa Odhiambo nikiwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Ni bonde pana, shamba lake la mahindi linakaribia uzio wa mbuga, na nyani wa huko wanajua siku ya kuvuna kuliko mwenye shamba. Filimbi niliiona kabla sijamwona yeye. Ilining'inia kwa waya kwenye mti mbele ya nyumba, ndefu kama mkono wangu, imekuwa ya kijani kwa mvua, na chini yake boliti la kuigongea. Kwa miaka kumi na mitano filimbi ile iliyotengenezwa ili ipige kelele ilikuwa ikigongwa kama kengele, kufukuza nyani.

Odhiambo alirudi kutoka kanisani saa nane, amevaa suti, Biblia kwapani. Ni Msabato wa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitengea ugali na mboga ya osuga, akasema, "Leo sishiki spana."

"Nitashika mimi."

"Kwa boma yangu, Sabato ni ya wote, nyamera. Hata ya mgeni." Nyamera ni dada yangu. Analitumia neno hilo anapotaka kukataa kwa upole.

Tukakaa. Nilidhani ni dini tu, lakini kadiri jua lilivyoteremka nikaona anaizunguka ile filimbi kwa macho. Mwishowe akalitoa. "Nyinyi wa nyumba kubwa mlikuwa na baba miaka mingi kuliko sisi. Mimi nilimpata amezeeka. Hii ndiyo sauti yake niliyopewa. Ukiichukua, nitabaki na nini?"

Sote tulikuwa tumepewa kipande cha baba, na mimi nilikuwa napita kuvikusanya kama mtu anayedai. Nilimwambia ukweli: kwamba mzee Okech atakuwa kiziwi kabisa, kwamba huenda isifanye kazi, na kwamba sijui kama boila ni nzima. Jua lilipotua alisimama, akavua koti la suti, akalikunja vizuri juu ya kiti. "Basi nakuja nayo mwenyewe," akasema. Akapanda ngazi na koleo, akaikata ile waya.

Jumapili asubuhi tulizunguka kwa Ndhiwa na Rongo, filimbi ikiwa mapajani mwake kama mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tuliipita Uriri bila kushuka. Nilitazama upande wa pili wa barabara.

Migori mjini, saa tano. Ouma ana kibanda cha kuziba pancha na kujaza upepo, pale magari ya kwenda mpakani yanaposimama. Geji ya baba ilikuwa ukutani kwake, kioo kizima, shaba imesuguliwa, mshale umelala kwenye sifuri. Wateja wageni walikuwa wakimuuliza kwa nini saa yake haitembei, naye akiwajibu kuwa inangoja mwenyewe aje. Aliposikia shida yetu hakutaka hata kuketi.

"Ah, sister! Hiyo si ni show kubwa! Tuiwashe! Naita majamaa, naleta kuni, naleta kompresa nipulize majivu kwa jiko!" Alikwisha kuifungua geji ukutani kabla sijamaliza chai. Kompresa yake ya petroli tukaipandisha kwenye pikapu, pamoja na kuni za kutosha kuchomea tanuri la matofali. Nilikuwa nimefurahi mno hata sikumpunguza kasi. Ndugu watatu katika gari moja, vipande vya baba miguuni mwetu, tukiimba nyimbo za kinuni ambazo akina mama walikuwa wakiimba kwenye foleni. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu matanga.

Uriri, saa nane mchana. Baba mdogo alikuwa ameketi kando ya injini, kiti kimeegemezwa kwenye gurudumu. Alivaa lile koti lake la kazi la kaki lenye tundu za cheche. Kuku walikuwa wamehamishwa na jiko limefagiwa. Alinishika uso kwa mikono miwili, akapaza sauti kama wafanyavyo viziwi: "Mama umekuja! Umekonda! Boila yenu haiko na chakula?"

Nikachukua nyundo.

Chuma kizima ukikigonga kinakujibu. Kinaita. Nilianza juu, karibu na bomba la moshi, kikaita, na moyo wangu ukapanda. Nikashuka ubavuni, sauti ikaanza kuwa nzito. Nikalala chali chini ya tumbo la boila, mahali maji ya miaka yote hukaa, nikagonga taratibu. Du. Nikagonga tena, na ncha ya nyundo ikazama ndani kama kwenye papai lililooza, kutu ikanimwagikia shingoni. Nilibaki pale chini zaidi ya nilivyohitaji. Nilikuwa nalia, na sikutaka wale wanaume wanione.

"Tuweke presha kidogo tu," Ouma alisema nilipotoka. "Ya kutoa filimbi peke yake."

"Ili iue kidogo?"

"Sister, mzee anangoja."

"Mzee yuko hatua tatu kutoka hapo, Ouma. Wewe uko hatua nne. Boila ikipasuka haiulizi nani anampenda nani." Alikasirika, akapiga teke kuni zake. Odhiambo alisema Mungu anaweza kulinda. Nikamwambia Mungu ndiye aliyenipa nyundo. Nilikuwa mkali kuliko ilivyopasa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitaka mno kukubali.

Nikapiga magoti mbele ya sikio la kulia la mzee, nikamweleza kwa sauti ya juu kwamba chini kumeoza, haiwezi kuwashwa, haitawashwa tena kamwe.

Akasema, "Basi."

Neno moja, na akaanza kufunga vifungo vya koti lake kama mtu aliyemaliza zamu. Nimeambiwa maneno magumu kazini na nyumbani. Hilo lilinishinda yote.

Ouma ndiye aliyeigeukia kompresa yake. Hakusema kitu, aliitazama tu, kisha akanitazama mimi. Filimbi haijui kinachopita ndani yake. Nikaisafisha kwa siki na majivu, nikapata kiungo kwenye vikorokoro vyake, nikaifunga mpira wa upepo na kuisimamisha mahali pake juu ya boila. Odhiambo aliishikilia kwa mikono miwili. Kompresa ikanguruma mpaka tangi likajaa, tukaizima, nikafungua valvu.

Ikalia. Kwa jirani mbwa walibweka na mtoto akaangua kilio. Ilikuwa sauti nzito, yenye kutetemeka, ndefu kadiri upepo ulivyoruhusu. Tukamgeukia mzee, sote watatu, tukitabasamu kama wajinga.

Akatikisa kichwa. "Huo ni upepo. Mvuke unaita juu kuliko hapo."

Ouma akakaa chini. Mimi nikacheka kwa uchungu na furaha, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu sikio linaloweza kutofautisha upepo na mvuke lilikuwa bado liko hai.

"Na tena si hivyo," akaendelea. "Hiyo moja ndefu ilikuwa ya watu wa mahindi. Waje, mvuke umepanda. Mimi sikuwa mtu wa mahindi. Yangu ilikuwa fupi, fupi, ndefu."

"Yako ya nini, baba mdogo?"

"Ya kuniita! Mimi niko huko chini nakata kuni, yeye yuko hapa kwa valvu. Miaka thelathini kaka yangu hakuniita na mdomo. Fupi, fupi, ndefu: Okech, moto unashuka, lete kuni." Akaweka kiganja juu ya chuma. "Siku ya kugawa, mimi ndiye walipatia spana. Nani mwingine alijua kuifungua? Wazee wakasema fungua hapa, nikafungua. Fungua hapa, nikafungua. Nikampatia kila mtu yake. Kara, kumbe nilikuwa najinyamazisha mwenyewe. Tangu hiyo siku, hakuna mtu ameniita."

Kompresa iliwashwa tena, na kungoja kule tangi lijae kulikuwa kurefu. Nikashika valvu.

Fupi. Fupi. Ndefu.

Baba mdogo Okech akainuka. Sisemi aliinuliwa, aliinuka mwenyewe, bila fimbo. Akaenda kwenye lundo la kuni za Ouma, akachagua, maana hakuchukua gogo la kwanza wala la pili, akabeba matatu begani, akarudi. Akafungua mlango wa jiko baridi. Akayapanga ndani, jembamba chini, mawili juu yakipishana, akaufunga mlango kwa goti. Kisha akasimama kando ya gurudumu, mikono nyuma, akiangalia mahali anaposimama dereva. Pale nilikuwa nimesimama mimi.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha, Okech," nikasema. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtaja baba yangu mdogo kwa jina tupu, na hakuna aliyenikemea.

Odhiambo alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati. Alisema ni moshi, na moto haukuwapo.

Tulikula omena za Rispa jioni ile mapema, tukazirudisha tufe za gavana mahali pake ingawa hazitazunguka, na geji ingawa mshale hautapanda. Kibati changu nilikifunga kwa skrubu nne. Odhiambo aliiacha filimbi. Ouma akampa ringi ya lori agongee nyani.

Jumatatu alfajiri nilishika njia ya Kericho, na saa sita nilikuwa mbele ya boila yangu, ambayo haina jina la mtu wala mtu wa kuitwa nayo. Nilikwenda Uriri nikidhani mzee ameikumbuka mashine, kwa kuwa mimi ni mtu wa mashine na kila kitu nakiona kwa jicho hilo. Alikuwa amemkumbuka kaka yake. Ningemuuliza tangu mwanzo, lakini yeye hukata simu, na mimi siku zote niko zamu.

Sikio la kulia lilifunga mwezi wa kumi. Ouma ndiye aliyeniarifu. Alisema mzee sasa hasikii hata radi, unaweza kumwangushia sufuria nyuma yake. Lakini Jumapili Ouma akienda nyumbani hubeba kompresa, na mzee huketi mahali pake, kiganja kimekaa juu ya ile filimbi. Ouma akifungua valvu, anamwona akihesabu kwa midomo. Fupi, fupi, ndefu. Halafu anakwenda kuleta kuni.